Swali la Nne

Nyumba ya wageni, chini ya mlima
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wote walio chini ya paa lenu. Natumai mguu wako umepungua uvimbe, na kwamba umeacha ule ukaidi wa kusimama kutwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa kama mlinzi wa benki. Kwa upande wangu, hapa ndipo ningeandika kuwa mimi sijambo, kama mama alivyotufundisha. Lakini safari hii imeniharibia neno hilo, dada. Nivumilie, hali yangu nitakueleza mwishoni.

Najua unachotaka kujua, wala si habari za kilele. Unataka kujua kama nimemrudisha mume wangu. Maana ni wewe uliyenisukuma. Nilipokuja kukwambia kwamba amelipia likizo ya watu wawili, kupanda milima mirefu na kiongozi, mimi ambaye ngazi za sokoni tu hunitoa jasho, ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kisha ukatoa koti lako la baridi kabatini ukanivika. Ulisema mwanamume aliyeacha kuzungumza na mkewe, akimwalika mahali pasipo na televisheni, huyo ana neno moyoni. Ukasema nenda kamrudishe. Nikabadilisha zipu ya koti, nikaenda.

Shemeji yako unamjua. Kutwa nzima anawafundisha watu udereva, anasema breki, tazama kioo, taratibu, na akifika nyumbani maneno yamemwishia. Mimi nami nina cherehani yangu, na cherehani ikinguruma hakuna anayegundua kwamba nyumba imenyamaza. Binti yetu alipokwenda chuoni ndipo nilipousikia ule ukimya. Tulikuwa tukipishana ukumbini kama wapangaji.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamke mfupi wa makamo. Tulimpa jina la Mama Pumzi, kwa sababu kila aliyefungua kinywa kulalamika alimwambia pumzi kwanza, maneno baadaye. Tulikuwa kikundi kidogo: sisi wawili, mzee mmoja mstaafu na bintiye, na wapagazi waliotupita kila siku wakiwa na mizigo kichwani huku wanapiga soga. Pale chini getini, kabla hatujainua mikoba, Mama Pumzi alitupanga wawili wawili. Alisema kila asubuhi na kila jioni utamtazama mwenzako machoni umuulize mambo manne: kichwa kikoje, tumbo likoje, umelalaje, na nini kinakuuma. Alieleza kuwa huko juu hewa ni haba, ugonjwa wa mwinuko huanza kama mzaha, na mgonjwa mwenyewe huwa wa mwisho kukubali. Aliwahi kumshusha kwa machela mtu aliyeng'ang'ania kusema sijambo mpaka sauti ikakatika. Huku juu, alisema, hakuna sijambo ya adabu. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Jioni ya kwanza tuliona haya, utadhani tumekutanishwa na mshenga. Mume wangu aliniuliza huku akitazama buti zangu. Nikajibu salama tu. Mama Pumzi alikuwa nyuma yetu, akaturudisha mwanzo kama wanafunzi watundu. Basi mume wangu akaniangalia machoni. Sikumbuki, dada, ni lini mara ya mwisho alinitazama hivyo. Nikamwambia ukweli, kwamba kidole gumba cha mguu kinaniuma. Akanivua buti, akaomba maji ya moto kwenye beseni, akanikosha kile kidole na kukifunga kitambaa. Nilikaribia kulia kwa ajili ya kidole!

Kuanzia hapo mambo yakawa matamu. Akawa anaongeza maswali yasiyokuwemo katika yale manne. Alinisimulia juu ya mwanafunzi wake, mama mmoja, ambaye huzima gari katikati ya barabara kila akimwona mtu anayemfahamu ili ashuke amsalimie vizuri. Nilicheka hadi Mama Pumzi akanipiga marufuku kucheka, ati namaliza hewa ya wenzangu. Tulipita miti, tukapita vichaka, tukafika kwenye mawe matupu na baridi inayouma masikio, nami sikujali. Asubuhi nilikuwa naamka kabla yake, najikausha kimya ndani ya hema nikimsubiri afumbue macho aniulize. Mimi, mwanamke mzima mwenye mtoto chuoni. Njiani nilikuwa nimeshaanza kukuandikia barua hii kichwani, na ilikuwa barua nyingine kabisa. Ilianza kwa kusema kwamba wewe ni mchawi, kila ulilosema limetimia.

Kabla ya kilele kulikuwa na siku ya kuzoea hewa: unapanda kidogo, unashuka, unapumzika. Alasiri tuliketi nje kwenye jiwe tukiwa na vikombe vya chai, mawingu yako chini yetu. Ilikuwa zamu yangu kuuliza. Alisema kichwa kizima, tumbo zima, usingizi wa mang'amung'amu. Nikamuuliza nini kinakuuma.

Aliweka kikombe chake juu ya jiwe. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba tangu wakati wa mvua amepanga chumba karibu na shule ya udereva, na kwamba tukishuka mlimani hatarudi nyumbani. Nguo zake amekuwa akizihamisha kidogo kidogo. Unakumbuka nilivyomtukana dobi kwa kupoteza mashati? Mashati yako huko chumbani. Hata yale mapya niliyomshonea kufidia yaliyopotea, nayo aliyahamisha.

Nilimuuliza mwanamke huyo ni nani. Akasema hakuna. Alisema kila jioni huwa anaegesha gari mbele ya geti letu na kukaa ndani yake akiisikiliza cherehani yangu, akingoja miguu yake ikubali kushuka, na kwamba amechoka kuibembeleza. Safari hii aliilipia ili aniage vizuri. Alitaka tuachane tukiwa tumecheka. Alikuwa ameazimia kusema tukishafika chini, ila nilimuuliza, naye swali lile hakuweza kulidanganya.

Laiti angekuwepo mwanamke, dada. Ningekuwa na mtu wa kumtukana. Sasa nimtukane nani, cherehani?

Asubuhi yake safari ya kilele ilikuwa palepale. Mama Pumzi alisimama kati yetu kusikiliza majibu, kwa kuwa siku hiyo haaminiki mtu. Mume wangu akaniuliza yote manne. La mwisho nikamjibu hakuna. Mama Pumzi akanishika kidevu, akayatazama macho yangu yaliyovimba, akasema mimi ni mgonjwa na sipandi hatua moja zaidi. Nikaona bora niseme. Nikasema mbele ya wote kwamba kinachoniuma ni kuwa mume wangu ananiacha. Mzee mstaafu aliinama kukaza kamba za buti ambazo zilikuwa zimekazwa tayari. Mama Pumzi akauliza, na kichwa? Nikasema kizima. Na tumbo? Zima. Akasema basi naweza kutembea, akaniweka mbele, nyuma ya visigino vyake, na akashika mwendo wa polepole kuliko siku zote.

Nimefika kileleni, dada. Pale juu watu hukumbatiana. Mzee na bintiye walikuwa wanalia kwa furaha. Mume wangu alisimama mikono ikining'inia, hajui kama ana ruhusa. Niliona zipu ya koti lake imeachama na upepo unaingia kifuani. Nikaenda nikaifunga mpaka shingoni. Ni mazoea ya kazi.

Njia nzima ya kushuka aliendelea kuniuliza asubuhi na jioni, kwa kuwa ndiyo sheria, nami nikamjibu. Getini Mama Pumzi alituachanisha, akataka kila mmoja amshukuru mwenzake kwa kumfikisha salama. Tulipeana mikono. Yeye akapanda gari la mchana, mimi nimebaki kusubiri basi la kesho.

Binti yangu usimwambie lolote, nitamweleza mwenyewe. Koti lako nitalifua kabla sijakurudishia. Nikifika usinipe pole mlangoni mbele ya majirani. Niingize ndani, ufunge mlango, kisha uniulize yale manne.

Sasa nikujibu nilichokuahidi. Kichwa kizima. Tumbo linapokea chai tu. Usingizi sina. Na la nne: leo asubuhi nimeamka mapema, nikageukia kitanda cha pili, nikalala kimya kabisa nikisubiri kuulizwa.

Nisalimie shemeji, na uupumzishe huo mguu.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Fundi