Mawe ya Rozina

Sumbawanga
12 Juni 1994

Kaka Kornel,

Shikamoo. Sisi tuzima, ila Raphael anaota meno, hanipi usingizi. Mafua yamekuachia?

Umeuliza yule buibui niliyekutumia kwenye kichupa cha dawa anaishije. Ni mdogo kuliko punje ya ulezi, mweusi, mgongoni ana madoa mawili ya njano. Anashona kijumba cheupe chini ya jiwe, anajifungia humo na mayai yake. Jiwe moja lilipinduka nikipalilia, ndipo nikamwona. Hakukimbia. Nimetafuta kwenye mawe ya kwingine mpaka msituni, hayupo.

Mdogo wako,
Bertilla

Dar es Salaam
3 Julai 1994

Mdogo wangu,

Nimepona. Mbusu Raphael. Profesa wetu hapa chuoni amemkagua kwa hadubini siku nne: buibui huyu hajaandikwa popote duniani! Lakini uliyetuma ni jike, na buibui hawa hutambulikana kwa viungo vya dume vilivyo karibu na mdomo. Hapa kazini tunapunguzwa, na jina langu limo. Profesa atanitetea tukimpata dume. Ni mawe yapi hasa? Tuje na gari.

Kaka yako,
Kornel

Sumbawanga
29 Julai 1994

Kaka,

Shikamoo. Huku upepo na vikohozi tu.

Mawe huyajui kwa sababu hukuja kuzika. Ni ya kaburi la Rozina wangu. Baba yake, Leonsi, aliyabeba mgongoni kutoka korongoni, fisi wasimfukue mtoto. Kazi ikiisha, njoo na wanao, shamba lipo, tutakula pamoja. Ila mawe yale hayafunuliwi. Usinifanye niseme mara mbili, kaka yangu.

Mdogo wako,
Bertilla

Sumbawanga
18 Septemba 1994

Kornel,

Nilikuwa Mtowisa kufuata mchele. Nimerudi, mama mkwe ananiambia, “Kaka yako kaja na gari, mtu mwema, kaleta sukari. Kasema umemruhusu.”

Mawe mmeyapanga vizuri, lakini upande wa kijani uliokuwa juu mmeulaza chini. Vile vijumba vyeupe viko juu, juani, vimechanika vyote. Nimepiga magoti nikakagua jiwe moja moja. Hakuna buibui hata mmoja.

Tangu jana Leonsi yuko kwenye mawe. Anayageuza.

Sukari nimempa dereva wa basi akurudishie. Haijafunguliwa.

Mama Rozina