Cheti Kilicholiwa na Mchwa

Jumanne, 1 Oktoba

Rozari saa moja na nusu, kama kawaida. Mwezi wa Rozari umeanza na Mzee ameanza nao. Kachukua mto wa sofa, kapiga magoti juu yake. Mama na mimi kwenye saruji. Leo matendo ya uchungu. Sauti anaivuta kama yuko mnadani. Kila tendo ana nia yake: wagonjwa, wasafiri, mvua, na la tano, ndoa zinazoyumba.

Ndoa zinazoyumba! Mtu aliyeishi na mama yangu miaka arobaini na tatu bila kumpeleka altareni.

Kanisani hana cheo. Asiye na ndoa ya kanisa hapewi hata uongozi wa jumuiya. Basi parokia yake ni sebule yetu, na waumini wake ni wawili, mama na mimi binti yake wa mwisho. Mama alisinzia kwenye Litania. Mzee akakohoa kumwamsha. Namdharau baba yangu. Naandika humu kwa sababu hakuna pengine pa kuliandika.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mama kafua vitambaa vya altare. Zamu yake ni wiki hii, na ijayo pia, maana wenzake huwa wanaumwa migongo zamu zao zikifika. Anapiga pasi ya mkaa na haruhusu mtu kugusa. Miaka thelathini anafua nguo za meza asiyoila. Mara ya mwisho kukomunika alikuwa msichana, kabla hajahamia kwa Mzee. Tangu hapo anakaa benchi na kutazama.

Mwezi uliopita paroko alitangaza ndoa za pamoja, Jumapili tarehe 27. Wazee wote wanaoishi bila ndoa wajiandikishe, hakuna haja ya sherehe. Mama aliandikisha majina yote mawili siku hiyohiyo. Mzee hakukataa. Hakatai kitu yule. Alisema tu kwamba cheti chake cha ubatizo kililiwa na mchwa.

Zamani kisingizio kilikuwa ng'ombe wa sherehe. Kikaja cha ada zetu za shule. Kikaja cha "ndoa ni moyoni." Sasa mchwa. Mchwa wa nyumba hii wana akili. Hawakugusa hati ya kiwanja, hawakugusa hata risiti ya baiskeli ya zamani. Wakachagua cheti cha ubatizo.

Jumapili, 6 Oktoba

Matangazo ya ndoa, mara ya kwanza. Wamesomwa jozi nane, na wazazi wangu wakiwamo. Mama aliposikia jina lake akashika pindo la kanga yangu. "Yeyote anayejua kizuizi amwarifu paroko." Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kama mtakatifu wa kwenye picha.

Wakati wa komunyo nikaenda kupokea. Kurudi, wakasimama wote wawili kunipisha, maana nafasi yangu ni ya ndani. Kila Jumapili wananisimamia hivyo. Kwa mama naona aibu. Kwa Mzee, niseme kweli, naona raha.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimempigia simu katibu wa parokia aliyobatiziwa Mzee, huko kwao Ufipa. Namba nilipewa na katibu wetu. Mtu akibatizwa, jina lake hubaki kwenye kitabu cha parokia ile hadi kiama. Mchwa wa Mpanda hawafiki huko. Binti wa watu akasema atakitafuta, atanitumia cheti kipya kwa basi.

Sijamwambia mtu. Na nisijidanganye humu kwamba nafanya kwa ajili ya mama. Nataka kuuona uso wa Mzee siku anaishiwa visingizio.

Alhamisi, 10 Oktoba

Gauni la mama limetoka kwa fundi. Rangi ya maziwa, mikono mirefu. Kalijaribu mbele ya kioo cha kabati, kalivua haraka kama kaiba. Miaka sitini na tano.

Mama Mwenyekiti wa jumuiya kapita "kusalimia." Kakaa saa mbili. Kala mihogo. Kauliza kama Mzee atavaa suti. Mwanamke huyu anasali kwa macho, masikio na pua, mdomo anaubakiza kwa kazi nyingine.

Joto kali. Vumbi hadi kwenye sukari.

Jumamosi, 12 Oktoba

Bahasha imefika. Nimeichukua stendi, nikaifungulia dukani kwangu, nyuma ya mashine ya fotokopi. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Jina la Mzee. Majina ya wazazi wake. Padre aliyembatiza. Na chini, kwenye nafasi ya ndoa, ambayo nilitegemea iwe tupu, maandishi ya kalamu: amefunga ndoa na Bernadeta. Parokia hiyohiyo. Mwaka wenyewe ni miaka mitano kabla hajakutana na mama.

Nimeyasoma mara nne. Mteja kaja kutoa kopi ya kitambulisho, nikamtolea upande mmoja mara mbili.

Jumapili, 13 Oktoba

Matangazo, mara ya pili. "Yeyote anayejua kizuizi." Najua. Kiko kwenye mkoba wangu, kati ya leso na kitabu cha nyimbo. Nikanyamaza. Nikaenda kupokea vilevile.

Mama kanong'ona, "Bado moja."

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimemwonyesha Mzee cheti. Alikuwa nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Hakuuliza ni nini. Alikitambua kabla ya kukisoma.

"Ilikuwa utoto," akasema. Miaka ishirini na miwili, utoto. Alikuja Mpanda kutafuta kazi, akakaa, basi. Nikamwambia amweleze mama mwenyewe kabla ya Alhamisi. Akaniita mama, kwa sauti ile ya Litania. "Mama, tuyaache haya. Utamuua mama yako."

Yeye kachoma kisu, muuaji ni mimi.

Jioni akaongoza Rozari bila kukosea hata neno. Nia ya tendo la tano, ndoa zinazoyumba. Nilitamani kumvuta ule mto chini ya magoti.

Jumatano, 16 Oktoba

Mzee kakimbia. Ameaga kwamba anakwenda Mwamkulu kulinda shamba. Oktoba! Shamba lina visiki na panzi. Mama kamfungia unga na dagaa. Akamwekea na rozari yake kwenye mfuko wa koti, asije akaisahau.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemwambia mama.

Alikuwa anachambua maharage. Nikamsomea cheti chote toka juu, maana miwani yake ilikuwa ndani. Nilipofika kwenye jina la yule mwanamke, vidole vikasimama. Kisha vikaendelea. Nilijiandaa kwa kilio, kwa kuzimia. Nilishamwekea na maji.

Akauliza, "Yuko hai?"

Nikampigia yule katibu palepale. Yuko hai. Bibi anajulikana sana, hukaa benchi la mbele. Hakuolewa tena.

"Muulize anapokea?"

Nikauliza. Kila Jumapili, akasema binti. Hata siku za kazi akiweza.

Mama akachomoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa. Halafu akasema, "Kumbe mwenzangu alikuwa anakula. Mimi ndo nimekaa na njaa."

Maharage akayabandika. Mimi ndiye niliyelia, jikoni, nikasingizia moshi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mama kaenda kwa paroko. Kwa miguu, peke yake, na cheti kwenye pochi. Nilitaka kumsindikiza, akanikatalia. "Nyie mnaongea sana."

Dukani sikufanya kitu. Nilikuwa nawaza nini nimefanya. Kama ningekaa kimya, Mzee angebaki na mchwa wake, mama angebaki na tumaini lake, na gauni lingesubiri tangazo jingine. Nilipiga ile simu kumkomoa yeye. Aliyekomolewa ni mama.

Karudi saa saba. Kanywa maji vikombe viwili. Kalala.

Jumamosi, 19 Oktoba

Asubuhi mama kahamia chumbani kwangu. Nguo zake, kopo la mafuta, picha ya Moyo Mtakatifu. Nikamsaidia kubeba. Ndipo akanieleza alichoambiwa. Ndoa haiwezekani, Mzee ana mke. Lakini akikaa kwenye nyumba hii kama dada yake, akaungama, hakuna wa kumzuia kukomunika.

"Chakula nitampikia," akasema. "Nguo nitamfulia, ni mzee. Ila kitanda basi."

Kwa hiyo haikuhitajika ndoa. Haikuhitajika ng'ombe wala cheti. Angemwambia ukweli tu, hata miaka ishirini iliyopita. Mzee alikuwa na ufunguo mfukoni muda wote, akatuongoza kusali mlango ufunguke.

Mzee karudi jioni, vumbi hadi nyusi. Kaona chumba kimepungua. Mama akampa maji ya kuoga, akampa ugali, akamwambia kwa maneno machache kama anavyosoma orodha ya sokoni. Mzee akamega tonge, akalirudisha sahanini.

Saa moja na nusu akatandika mto. Akafungua kinywa.

"Leo naongoza mimi," mama akasema.

Matendo ya furaha. Malaika anampasha habari Maria. Mama anasali haraka, bila madoido. Tendo la tatu alisali Salamu tisa badala ya kumi. Nilihesabu. Mzee naye alihesabu, namjua. Hakukohoa.

Jumapili, 20 Oktoba

Matangazo, mara ya tatu. Jozi saba.

Vichwa viligeuka. Mama Mwenyekiti alitukuta nje kabla hata ya baraka kukauka, akauliza kulikoni. Mama akamjibu kwamba shingo yake itateguka ikiendelea kugeuka hivyo. Sijawahi kumsikia mama akisema neno la namna hiyo. Mzee alikuwa anafungua kufuli la baiskeli, kafungua kwa dakika tano.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mzee hali vizuri. Kapungua. Anatembea na rozari mkononi lakini midomo haichezi. Watu wangemwona wangemhurumia. Mimi simhurumii. Mtu aliyepoteza alichokiiba hajaibiwa.

Jana nilimkuta anaupiga pasi ule mto wa sofa kwa kiganja, peke yake. Nikapita.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumeenda kuungama, mama na mimi. Foleni ndefu, jozi saba za maarusi. Mama alikaa ndani muda mfupi kuliko nilivyodhani. Miaka arobaini na tatu, dakika kama sita. Katoka anapangusa pua.

Walikuwa wamebaki wawili mbele yangu. Nikaanza kupanga la kusema. Padre atauliza kama najuta. Ile simu, ndiyo, naijutia. Lakini kumdharau Mzee sijuti. Nalilea hilo kama mtoto. Nikifumba macho namwona kwenye mto wake, na moyo unawaka, na nautaka uwake. Hayo si majuto. Na kumdanganya padre kwenye kitubio siwezi, hapo ningekuwa binti wa baba kabisa.

Nikatoka kwenye foleni. Mama hakuona, alikuwa amepiga magoti mbele ya Bikira Maria anafanya malipizi.

Jumapili, 27 Oktoba

Misa ya pili, ndoa za pamoja. Maarusi wazee, mmoja na mkongojo. Vigelegele vingi mno.

Mama alivaa gauni la rangi ya maziwa. Tulikaa benchi letu la siku zote, la tatu kushoto. Yeye ndani kwenye nafasi yangu, mimi katikati, Mzee mwishoni.

Komunyo ikafika. Mama akainuka. Tukampisha. Akaenda na mstari, mikono amekunja kifuani kama alivyofundishwa utotoni. Siku hizi hakuna anayekunja hivyo. Benchi zilizotuzunguka zikawa tupu. Tukabaki mimi na Mzee. Yeye alitazama sakafu. Mimi nikatazama vitambaa vya altare, vimenyooka, havina hata kunyanzi.

Sikumwona alipopokea. Watu walikuwa wengi.

Alirudi taratibu, mdomo kaufumba, hatazami mtu. Alipofika kwenye benchi akasubiri. Mzee akasimama kumpisha. Na mimi nikasimama.