Badala ya Ng'ombe wa Mjomba

Dada Nyamizi,

Shikamoo. Najua hapo Segese, kwenye kibanda chako cha chakula, umeitikia marahaba huku unageuza chapati, na kabla hujafika mstari wa pili umeshauliza kama nimekula. Nimekula, dada. Viazi vya kuchemsha na samaki asiye na kichwa. Hali yangu si mbaya: goti linalalamika, kipara kimefika kisogoni, ila roho ipo. Natumaini shemeji amepona kifua na karasha za wachimbaji, hizo mashine za kusaga mawe, hazijawaziba masikio. Kabula je? Mwambie mjomba wake bado hajamkubali huyo mchumba wa Chato mpaka amwone anavyokula ugali.

Nakuandikia barua kwa sababu simu imenishinda. Kila nikitaja jina la Shangazi Minza, mtandao wa Segese unakatika. Nikitaja mahari, unarudi. Mimi ni mtafiti, dada. Jambo likitokea hivyo kila mara, naanza kulitilia shaka. Karatasi haikatiki. Nimempa Mtanzania mwenzangu anayekuja likizo, akuletee mkononi.

Habari za huku: makala yangu mpya imetoka kwenye jarida moja kubwa. Inahusu selimundu, ule ugonjwa wa damu unaowatesa watoto viungo, ambao kwetu Kanda ya Ziwa umejaa. Siku ilipotoka nilizunguka kwenye korido nikitafuta mtu wa kumwambia. Milango yote imefungwa. Watu wa huku wakifurahi hufurahia ndani. Nikarudi maabara nikaitangazia friza tunayohifadhia damu. Ikanguruma. Basi nikatoa kipande cha mwisho cha michembe, vile viazi vikavu ulivyonitumia, nikakitafuna kikavu hivyo hivyo. Mwanafunzi wangu mmoja akaingia akanikuta machozi yananitoka, nikamwambia ni jino.

Hakuna wa kuniamkia mwangaluka huku. Jina langu wanalitamka kama wanaokohoa. Na nyumbani nako ndiyo hivyo, mnaniita daktari, jirani yako ananipigia kuuliza dawa ya mgongo, na nikimwambia mimi sitibu watu ananiuliza, "Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unasomea nini?"

Swali zuri. Nilikuwa namsomea Luhende.

Unamkumbuka mdogo wetu alivyokuwa. Vidole vimevimba, macho ya njano, na mvua ikinyesha tu baridi ikaingia, anaanza kulia miguu. Nani alikuwa anakuja? Shangazi Minza. Alikuwa anaacha chungu jikoni anakuja na samli yake, anampakata, anamkanda mpaka mtoto anyamaze. Luhende alipofariki, mganga akapasua kuku, akaangalia utumbo, akasema muuaji ni mwanamke wa humu ndani mwenye macho mekundu. Hapo kila mtu akaanza kukumbuka: mtoto akizidiwa, Shangazi yupo. Akizidiwa tena, Shangazi yupo.

Dada, si alikuwepo kwa sababu mtoto amezidiwa? Kosa hilo nalisahihisha kwenye kazi za wanafunzi kila muhula. Ni sawa na kusema masufuria yako ndiyo yanawaletea wachimbaji njaa, kwa kuwa kila wakiwa na njaa wanaonekana kwako. Na macho mekundu, mwanamke gani hakuwa nayo, kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe kwa kukosa kuni? Hata yako ni mekundu siku hizi. Usinune, nimeyaona kwenye picha.

Baba hakusema neno kumtetea dada yake. Shangazi akatoka na sufuria yake na kuku wake, akaenda zake Buseresere, na mpaka leo anauza dagaa pale. Baba alipofariki hakuitwa. Mama alipofariki hakuitwa.

Sasa juzi umenipigia unalia kwamba Kabula kapima na majibu yanasema anabeba selimundu. Ukaniuliza, "Masanja, nani kamtupia mwanangu?" Nilikujibu mbio mbio, ngoja nikueleze taratibu. Kila mtu ana nakala mbili za maagizo ya kutengeneza damu: moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja yenye kasoro hubeba tu, haugui. Kabula ni hivyo. Mchumba wake kapima, hana. Baadhi ya watoto wao wanaweza kubeba kama mama yao, lakini huo ugonjwa hawataupata. Waambieni wakwe wazi wazi, hakuna cha kuficha.

Mimi nimejipima zamani. Nabeba. Luhende hakupimwa, siwezi kula kiapo, lakini dalili zake ndizo ninazozisoma kila siku ya kazi. Na ili augue, ilibidi apewe nakala mbili, moja na Baba, moja na Mama, watu waliompenda kuliko macho yao. Hakuna aliyetupa kitu, dada. Shangazi hakuwa na pa kupitia.

Mwisho wa makala huwa kuna sehemu ya shukrani. Niliandika jina lake pale. Mhariri akauliza mchango wake kwenye utafiti ni upi. Nikamjibu: alibebeshwa lawama ya ugonjwa huu kabla mtu yeyote hajauchunguza. Akanijibu kwa adabu sana kwamba mchango wa namna hiyo haumo kwenye taratibu zao. Wakalifuta. Nimeandika makala mpaka mgongo umepinda, na hakuna hata moja yenye jina lake.

Kwa hiyo nakuja kwako. Umeniuliza ng'ombe wangu wa ujomba, wakwe wakileta mahari, awekwe zizi la nani. Simtaki ng'ombe. Nataka Shangazi Minza akae siku hiyo kwenye mkeka wa wenye nyumba, ubavuni kwako, na Kabula ampigie magoti kama bibi yake. Akikosekana, mjomba sijaridhia, na mahari isipokelewe. Mwambie mshenga hivyo hivyo, hata kama atasema nimelewa theluji. Najua umekasirika. Nimekaa mbali, natoa amri kama mkuu wa wilaya. Kasirika, lakini nenda.

Usimtumie nauli, atairudisha. Wala usiwaombe watu wa Chato wampitie njiani kama mzigo. Panda gari wewe na Kabula mpaka Buseresere. Ukifika usianze habari za damu na nakala, hizo niachie mimi. Piga goti umwamkie. Akiuliza mmefuata nini, mwambie mmekuja kumchukua, nyumba ina shughuli. Akinyamaza, kaa umsaidie kuchambua dagaa. Wewe kwa kukaa mahali usiondoke nakuamini. Nakumbuka ulivyomsubiri shemeji aje kutoa posa.

Nisalimie shemeji na kifua chake, jirani na mgongo wake, na mama mchungaji anayeniombea nipate mke kabla meno hayajaisha. Kabula mwambie nimemkubali kijana, ugali ulikuwa utani.

Na wewe, wabeja, asante kwa michembe. Siku hiyo Shangazi akiwa ameketi, nipigie. Usiongee wewe, mpe simu yeye. Upande wa Baba sijabakiwa na mtu mwingine wa kumwambia shikamoo, na nataka nisikie akiitikia. Nitakuwa nimekaa karibu na friza. Mtandao wa huku haukatiki.

Mdogo wako mwenye kipara,
Masanja