Udongo Niliousaga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimesaga udongo tangu asubuhi. Magunia manne. Vumbi masikioni, vumbi kwenye chai. Mashine ya kuponda ina kelele kuliko baa za Kamakis Jumapili jioni, lakini kwa saa moja inamaliza kazi ambayo Mwende huifanya kwa siku nne. Mwende ni mfinyanzi anayenichimbia udongo huu, mashariki ya Thika. Yeye huuloweka, huuchuja, huupapasa kwa vidole. Mimi sina siku nne. Usajili wangu wa uzamili unakwisha tarehe 28, saa kumi na moja jioni. Nisipoliletea jopo la watahini vichujio vinavyofanya kazi kabla ya hapo, miaka mitatu imekwenda na maji.

Wazo lenyewe ni rahisi, ndiyo maana linawaudhi wasomi. Changanya udongo na maganda ya kahawa. Choma. Maganda yanaungua, yanaacha vitundu vidogo. Maji yanapita, uchafu unabaki. Kahawa tumeilima hapa vizazi kadhaa, tamu ikasafirishwa, sisi tukabaki na maganda. Basi maganda yatusafishie maji.

Daktari Wambui, msimamizi wangu, angependa nitumie udongo wa kuagizwa ng'ambo. "Unatabirika," anasema. Nilimwambia tunakanyaga udongo kutoka getini hadi maabara, tunajipangusa viatu, kisha tunafungua gunia la udongo wa watu. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Vyungu kumi na viwili vya kuchujia vimeingia tanurini. Karanja, fundi wa tanuri, ana miaka kama thelathini na kiburi cha sabini. Ananiita Madam kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Swichi haniruhusu kuigusa. Aliuliza kama udongo ulichujwa kwa maji. Nikamjibu umesagwa kwa mashine, tuko karne hii.

"Sawa Madam. Tanuri ni yangu, udongo ni wako."

Simpendi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekuta mlango wa tanuri umeachwa wazi, upana wa kiganja. Nikapandwa na hasira. Karanja akaniambia joto limeshashuka, nisome kipimo mwenyewe. Sikusoma. Nilikuwa nimeona vyungu. Vyekundu, vizima, ukivigonga vinalia kama kengele. Nikasahau kugomba.

Siku njema. Naiandika kwa sababu hazijai mkono.

Jumanne, 11 Machi

Vimeharibika. Tisa vimemeguka hapo rafuni, hakuna aliyevigusa. Vipande vimebanduka ubavuni, vimeacha mashimo. Vile vitatu vingine vimeanza.

Mlango! Hewa baridi iliingia vikiwa bado moto. Nilipaswa kujua.

Nimeketi kwenye ngazi za maabara nikamwandikia mwenyekiti wa idara. Kurasa tatu, nakala kwa mkuu wa kitivo. Miaka mingi nimeandikia magazeti, najua mahali pa kuweka kisu. Kuna sentensi humo naipenda: chuo kinachompa mzembe ufunguo wa tanuri kisishangae kikiivisha majivu. Nimeisoma kwa sauti kwa vijana wa uzamili, Karanja akiwa mlangoni. Nimeituma kabla ya chakula cha mchana.

Nimekula vizuri sana.

Ijumaa, 14 Machi

Barua imefanya kazi. Karanja amesimamishwa mpaka idara ichunguze. Mimi nimeongezewa miezi mitatu kwa sababu kosa si langu. Kosa si langu: wameandika hivyo, kwa muhuri.

Vijana wa hosteli za Wendani wamenipa mikono.

"Mathe ni moto! Umechoma idara bila tanuri!"

Nilicheka nao. Umri huu, na bado napenda kupigiwa makofi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda kwa Mwende kuchukua udongo mwingine. Wiki nzima nimebeba kipande kimoja kwenye mkoba, nikikionyesha watu kama wakili. Nikamwonyesha naye. Nilitaka anihurumie.

Akalowesha kidole kwa ulimi, akasugua ndani ya shimo. Nukta nyeupe, kama punje ya chumvi.

"Mawe meupe ulipeleka wapi?"

"Mawe gani?"

"Si haya tunaokotanga kila siku. Ama ulisaga na mawe?"

Akamwita mumewe aje asikie. "Huyu mwalimu amesaga mpaka mawe! Na vile amesoma!" Wakacheka mpaka Mwende akashika kiuno. Hawakuwa na ubaya. Wangemcheka yeyote.

Chokaa. Ikiwa kokoto, mkono unaiona na kuitupa. Ukiisaga inakuwa punje, inajificha. Tanuri inaichoma, inabaki na kiu. Chungu kinatoka kizima. Kisha chokaa inakunywa unyevu wa hewani siku baada ya siku, inavimba, inausukuma udongo nje. Nilifundisha kemia hiyo kwa miaka ishirini, kwa chaki, ubaoni.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nimetandaza vipande vyote mezani na kuvipitia kimoja kimoja. Kila shimo lina nukta yake nyeupe. Ufa wa baridi, hata mmoja sikuuona. Mlango haukuhusika.

Vipande hivi vilikuwa mbele yangu Jumanne. Sikutazama. Niliandika.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuna anayejua ila Mwende na mumewe, na hao hawaji chuoni. Nikinyamaza nina miezi mitatu. Naloweka udongo, nafinyanga upya, nahitimu. Nikisema, tarehe 28, saa kumi na moja, inarudi. Kuloweka, kufinyanga, kukausha, kuchoma, kisha kungoja kuona kama vitameguka na kuvipima kwa maji, kwa siku kumi na moja haiwezekani. Nimepanga hesabu hiyo kila namna.

Leo nimetafuta hoja za kunyamaza. Nimepata saba. Utafiti ni muhimu kuliko mtu mmoja. Karanja ana kiburi, kishushwe kidogo. Uchunguzi utamsafisha wenyewe. Na kadhalika. Zote zimenyooka. Nimewahi kuwatukana wabunge magazetini kwa hoja dhaifu kuliko hizi.

Najichukia kwa ufasaha.

Jumanne, 18 Machi

Nimeondoa malalamiko. Mistari minne. Imenichukua asubuhi nzima, na hakuna sentensi nzuri ndani yake.

Daktari Wambui aliniita ofisini, akafunga mlango. "Si ungenyamaza tu? Nani angeuliza?" Alisema kwa upole. Hilo ndilo lililouma. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

Karanja anarudi kazini kesho. Muda wangu wa ziada umefutwa. Naweza kuomba upya Septemba, kama mwanafunzi mgeni, kuanzia fomu ya kwanza. Nilitaka kugombana na mtu. Sikumpata.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwomba Karanja msamaha mbele ya vijana wale wale, kwa kuwa ni mbele yao nilimtukana. Aliendelea kufagia sakafu ya tanuri mpaka nikamaliza.

"Madam, barua yako ilizunguka kwa simu. Ilifika hadi kwa mamangu, huko nyumbani." Akagonga ufagio ukutani. "Aliniuliza, we Karanja, hayo majivu uliivisha ni ya nani?"

Vijana hawakucheka. Nilisema tena pole. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikuwa na haki ya kumdai.

Alipomaliza kufagia alivitoa vile vyungu vitatu rafuni, akavifunga kwa gazeti, akanipa. Alisema nafasi inahitajika.

Ijumaa, 28 Machi

Ruiru. Nilikuwa nyumbani siku nzima.

Udongo wa Mwende umelowa siku nne. Leo nimeuchuja uani, karai kwa karai. Kwanza kitambaa, halafu vidole. Mawe meupe hayaonekani kwenye tope. Lazima uyapapase. Mengine ni madogo kama dengu. Unadhani umemaliza, unarudisha mkono, unapata jingine. Sijui bado kama nitaomba Septemba. Udongo hauwezi kungoja niamue. Ukikauka hivi, kazi ya siku nne imepotea.

Mgongo unaniuma. Mikono imekuwa tope mpaka viwikoni. Sikutazama saa. Nilipoinuka kumwaga maji, redio ya jirani ilikuwa inasoma habari za saa kumi na mbili.