Sauti ya Feleti Kwenye Diski Ndogo

Jumatatu, 6 Machi
Mume wangu Feleti na binti yetu Lupe wameondoka na ndege ya Auckland. Madaktari wa huko watamtoa Feleti uvimbe kooni, na sauti itaondoka nao. Jioni zote za wiki iliyopita Lupe alimrekodi baba yake: nyimbo za kanisani, na jinsi alivyonitongoza — akacheka mpaka akakohoa! Yote yamo kwenye mashine ya kuhifadhia mafaili, chumbani kwa Lupe. Kwenye simu alishafuta, ilikuwa imejaa. Mashine ina diski kubwa nne, nzito, na moja ndogo yenye mbio. Lupe alinieleza. Mama, ndogo ni kama meza ya jikoni, vitu vinatua hapo kwanza, baadaye ndiyo vinapelekwa stoo.

Jumatano, 8 Machi
Mashine inapiga kelele tangu alfajiri. Nimemwita mwanangu Maka. Kaja, kasimama nje ya dirisha. Chumba cha dada yake haingii, kwetu ni mwiko, hata dada awe ng'ambo. Ndivyo nilivyomlea.
"Ingia tu leo, mwanangu."
"Mama! Unataka watu wanicheke?"
Basi yeye nje, mimi ndani. Diski moja imekufa, anasema, chomoa ile yenye taa tofauti na zile nyingine.
"Naiona! Inakonyezakonyeza."
"Hiyo hiyo."
Nikachomoa. Kelele ikazidi! Rudisha, rudisha! Maka akapaza sauti. Nikarudisha. Kwenye skrini yakatokea maneno ya Kiingereza.
"Inasemaje?"
Nikaona haya kumwambia siyaelewi. Nikasema inauliza kama iendelee. Nikabonyeza. Ikanyamaza. Nikafurahi, mjinga mimi.

Ijumaa, 10 Machi
Yu hai! Asante Mungu. Sauti hana tena.
Nikamsimulia Lupe kwa simu habari ya mashine. Halafu akasema polepole: iliyokufa ni mojawapo ya zile kubwa, ndiyo maana ndogo ilishikilia kila kitu, ilikuwa haijashusha chochote, na niliyochomoa ni hiyo ndogo. "Na ulipobonyeza, mama, ukaifuta."
Maka yuko ukumbini, kajifunika uso. Ningeingia, anasema. Ningeingia tu.


Jumamosi, 11 Machi
Lupe kapiga tena. Baba yake kaandika kwenye kibao: anataka kusikia sauti yake ilivyokuwa.
"Hujamwambia?"
"Nimeshindwa, mama. Mwambie wewe, ni mumeo."
Akamwekea simu sikioni. Nikasikia pumzi tu, nzito, inatokea kooni. Nikasema — subiri kidogo, baba Lupe, mashine ndiyo kwanza naiwasha.
Simu nimeilaza hapa mkekani, haijakatwa. Kule Feleti anaigonga ya kwao kwa ukucha. Anagonga tena.