Breki za basi la shule

Shoga, sikia haya. Unamjua mdogo wangu, yule anayeshika kompyuta pale gereji.

Leo kiwanda cha breki kimewatumia namba za breki mbovu. Akaandika fomula kwenye Excel: gari lolote lililofungwa breki yenye namba hizo, mstari wake ugeuke mwekundu.

Ukageuka mmoja tu. Basi la shule.

Bosi wake akautazama, akasema taratibu, "Futa hiyo rangi. Nitaongea na shule Jumatatu."

Futa rangi, shoga. Rangi.

Hakufuta. Akatoka nje, akampigia dereva. "Simamisha basi, breki zako ni mbovu."

"Sikusikii, dada. Watoto wanaimba, na hapa tunateremka mlima."

Simu ikakatika, na tangu hapo haipatikani. Mdogo wangu amepanda pikipiki anawafuata.