Mistari Arobaini na Mmoja Niliyoificha

Jumatatu, 3 Juni

Mrija wa oksijeni una mita saba. Unanifikisha chooni na dirishani. Sebuleni haunifikishi.

Muuguzi amenibonyeza miguu asubuhi. Imevimba tena. Anasema moyo umechoka, tusiulaumu, umefanya kazi miaka sabini na mitatu bila likizo. Nikamwambia hata mimi sikuwa mtu wa likizo. "Ndiyo maana mnaelewana," akasema.

Jioni mwanangu aliingia chumbani kwangu akitoka kazini. Hukaa kwenye kiti cha plastiki hapa kando ya kitanda na kunisimulia ya ofisini, kama nilivyokuwa nikimsimulia marehemu mama yake. Kampuni ile ile ya bima, idara ile ile ya kompyuta, cheo kilekile nilichokiacha. Leo uso ulikuwa unang'aa.

"Baba, wakurugenzi wamekubali! Jumamosi hii tunahamia toleo jipya la mfumo. Miaka kumi na miwili tumekwama kwenye toleo lako!"

Toleo lako. Alilitamka kwa mapenzi.

Nikakohoa. Akadhani ni kifua.

Jumanne, 4 Juni

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa bado kipo.

Miaka kumi na minne iliyopita nilisimama mbele ya wakurugenzi nimevaa suti ya kijivu. Wakati ule muuzaji wa mifumo alikuwa ametushika koo. Kila mwaka leseni mpya; kila tukikwama tunampigia simu na kusubiri huruma yake. Nikasema: tujenge wingu letu wenyewe, ghala la kuhifadhia data zote za kampuni. Seva zetu, chumba chetu, programu huria ambayo msimbo wake uko wazi, kila mtu anausoma. Hakuna atakayetufungia mlango tena! Walipiga makofi.

Tukajenga. Niliajiri vijana wanne. Aliyewazidi wote alikuwa msichana tuliyemwita Sindano – mwembamba, na hakuna kosa lililompita bila kulichoma.

Lakini wingu lilikuwa zito. Matawini wateja walisubiri dakika nzima faili lifunguke, na muuzaji wa zamani alikuwa anacheka. Nikatia mkono mwenyewe. Niliandika mistari arobaini na mmoja, nikaipachika pale programu inapogawa nafasi za diski. Kiraka. Niliweka alama yangu mwenyewe ya kuonyesha diski ipi inatumika na ipi ni tupu. Mfumo ukawa mwepesi kama unyoya!

Sasa, kwenye programu huria kuna desturi. Ukirekebisha kitu unakipeleka kwa wenzako, popote walipo, wanakikagua hadharani, kikifaa kinaingia kwenye toleo la wote. Nikakipeleka, bila jina langu halisi. Baada ya siku mbili mtu nisiyemjua akajibu. Sentensi tatu. Alama hii matoleo yajayo hayataijua. Yataona diski zote ni tupu. Yatazifuta zote.

Sentensi tatu, mbele ya dunia nzima. Mimi, mkuu wa idara! Nilijiona nimevuliwa nguo sokoni.

Sikumjibu. Nililiondoa ombi langu. Kiraka nikakiacha kwenye seva zetu, nikakipa namba ileile ya toleo rasmi ili kisijulikane. Sikumwambia mtu.

Kesho.

Jumatano, 5 Juni

Miaka miwili baadaye ulifika wakati wa kuhamia toleo jipya. Kazi nilimpa Sindano. Alifuata kila hatua. Alijaribu kwanza kwenye mashine za majaribio, ikapita. Lazima ingepita – mashine za majaribio hazikuwa na kiraka!

Nilijua? Nilijiambia yule mtu wa mbali alitia chumvi. Hilo ndilo nilijiambia. Siku ile nilikaa ofisini kwangu, mlango nimeufunga, na sikutoka.

Dakika arobaini tu. Madai ya wateja, picha za ajali, vyeti vya vifo – vilifutika. Nakala za akiba tulizipata, lakini za wiki tatu nyuma. Wajane walirudi na bahasha zao kuanza upya.

Wakurugenzi waliuliza jambo moja: nani alibonyeza? Macho yote yakamgeukia Sindano. Alinifuata kwenye korido, hakulia. "Mzee, kuna kitu kwenye seva hizi ambacho hakimo kwenye vitabu. Nisaidie kukitafuta."

Nikamjibu: "Uliruka hatua, binti yangu. Kubali tu, yaishe."

Binti yangu! Mdomo huu huu.

Ripoti niliiandika mimi. Akafukuzwa, na sifa mbaya zikamtangulia kila alikoomba kazi. Nilisikia anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Wakurugenzi nao wakapiga marufuku mtu yeyote kugusa mfumo. Kwa hiyo kampuni nzima imekaa palepale. Nimeitoa kwenye kamba ya muuzaji, nikaifunga kwa yangu.

Jioni nimemuuliza mwanangu, wamejaribu hilo toleo? Akacheka. "Mara tano, Baba. Kwenye mashine za majaribio inapita kama maji."

Chakula nimekirudisha.

Alhamisi, 6 Juni

Nimesema. Yaani – nimesema nusu.

Nilimwita mwanangu kabla hajaenda kazini, hata tai alikuwa hajafunga. Nikamwambia asiguse seva. Kuna kiraka kwenye programu ya diski, hakimo kwenye vitabu, toleo jipya likiingia litafuta kila kitu kama mwaka ule.

Alisimama kama aliyepigwa. "Kiraka? Cha nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Pumzi ikakatika, nikashika mrija, na yeye akanitangulia.

"Cha yule mama! Sindano! Kumbe aliweka vyake humo halafu vikamlipukia?"

Sikujibu. Ukimya wangu akauchukua kuwa ndiyo.

Halafu akapiga magoti pale sakafuni na suruali yake ya kazini, akanishika mkono. "Na wewe ukamfichia siri miaka yote hii. Baba, una roho ya peke yake." Machozi yalikuwa yanamlenga.

Akaenda. Mimi nikabaki na mkono wangu.

Muuguzi alipokuja akapima presha, akaguna. "Leo umegombana na nani?" Na mtu mmoja, nikamwambia. "Amekushinda?" Kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Wamekipata kiraka, palepale nilipoelekeza. Jumamosi imeahirishwa. Data iko salama. Idarani wananisifu, eti mzee ameiokoa kampuni akiwa kitandani!

Lakini mwanangu ameandika ripoti. Amenisomea. Jina la Sindano limo ukurasa wa kwanza, mara nne. Sasa si uzembe tena, ni hujuma, na wanasheria wameshaichukua. Mara ya kwanza nilimnyima kazi. Safari hii anaweza kufungwa.

Nikaanza: "Mwanangu, kuhusu hicho kiraka..." Akaniwekea mto vizuri. "Pumzika, Baba. Umeshafanya sehemu yako, niachie mimi." Nikaanza tena. Mkwe akaingia na supu, akamkemea mumewe kwa kunichosha, akamtoa nje. Wananipenda. Kila mlango ninaougusa kuna mtu anaufunga kwa upole.

Uongo. Ningeweza kupiga kelele. Kelele ninazo, bado kidogo.

Mchana muuguzi aliona naandika. "Unamwandikia nani, mchumba?" Nikamwambia ni maungamo. Akaacha kukunja shuka. "Basi ungamia kwa aliyekosewa, mzee wangu. Daftari haliwezi kukujibu." Nikamwomba anifungulie dirisha. Lilikuwa wazi.

Jumamosi, 8 Juni

Sindano yupo sebuleni.

Mwanangu alimpigia simu jana aende ofisini akahojiwe. Kumbe amejibu: "Ofisini kwenu siingii tena. Nipeleke kwa mzee, yeye ndiye atanieleza." Wamefika saa nne. Muuguzi amenivalisha shati safi na kunikalisha. Nimemwomba na daftari. Ukuta huu ni mwembamba, nasikia kila neno, naandika ili mikono iwe na kazi.

Sauti yake imekuwa nzito. Mwanangu anamsomea ile mistari, kwa ukali, kama hakimu. Yeye hamkatizi.

Amemaliza. Sindano anasema: "Soma tena ule wa kumi na mbili."

Anausoma.

"Kazi nzuri," anasema. "Imeandikwa na mtu hodari. Lakini si mimi, kaka yangu. Kwa cheo changu nilikuwa na ruhusa ya kubonyeza, si ya kuandika. Ufunguo wa kuandika kwenye seva zile alikuwa nao mtu mmoja. Ingia kwenye kumbukumbu zenu, bado zipo."

Mwanangu: "Mtu mmoja yupi?"

Hasemi.

Mwanangu anauliza tena, polepole sasa. Bado hasemi. Ananiachia mimi! Miaka kumi na miwili, na jina langu bado ananiachia nilitaje mwenyewe.

Kiti kimesogezwa. Hatua. Mkwe anauliza kuna nini.

Mwanangu yupo mlangoni. Hajakaa kwenye kiti chake. "Baba. Ufunguo ulikuwa wa nani?"

Nyuma yake ni yeye. Nywele zimeingia mvi, kidole cha shahada kina alama ya kuungua na chuma cha kuchomelea simu. Ananitazama mimi, si mrija. "Shikamoo, Mzee."

Sijaitikia. Nimeinua kidole kuwaomba dakika moja, naandika. Wamesimama wote wawili, wananisubiri nimalize hii sentensi, nami nairefusha, maana ikiisha itanibidi nijibu: wangu.